Jina Lililokaa Kwenye Vidole vya Edisa

Edisa Biira wa Nyakiyumbu alikuwa mtu wa kuwasimamia wenzake foleni, kusimama badala yao. Bombani, zahanati, hata kanisani siku ya kugawa mbegu, ukimwona mbele ujue kuna mgonjwa mahali. Sisi majirani tulimzoea hivyo, tukamtumia bila haya.

Mwaka ule watu walipokimbia vita ng'ambo ya mto, wifi yake Benedicte aliingia Bwera, upande wetu, na homa, hata kukaa hawezi. Wagawaji wa chakula cha wakimbizi wakasema asiyeandikishwa hapati. Edisa akaenda, akataja jina la Benedicte, akabandika vidole vyake mwenyewe kwenye kioo cha mashine. Alirudi na unga na blanketi, anacheka. Benedicte alipona, akarudi kwao, na mwaka jana tulimzika huko huko.

Sasa mpakani wameleta mashine mpya ya kusoma vidole. Jumanne tulikuwa tunarudi kutoka ng'ambo na mafuta ya mawese, mimi nimembebea Edisa mtoto wake anayenyonya. Nilipita salama. Edisa alipoweka kidole, kijana wa mashine alikitazama kioo kwa muda, kisha akamwita afande. Edisa akatoa kitambulisho. Afande hakukigusa.

"Kadi wanatengeneza," alisema. "Kidole hapana. Wewe ni Benedicte, mukimbizi. Unafanya nini inje ya kambi?"

"Afande, Benedicte alikufa. Mimi iko Edisa. Nilimusimamia tu."

Nikaingilia, nikasema namjua tangu ubatizo wetu. Akanijibu kwamba mashine haijui ubatizo. Ningebishana zaidi, lakini bunduki ilikuwa yake.

Lori la kambi lilikuwa limeshawashwa. Edisa akaomba angalau apewe mwanawe. Kijana akabonyeza-bonyeza, akasema Benedicte hana mtoto aliyeandikishwa. Kwa hiyo mtoto abaki.

Edisa alianza kuondoka kuelekea soko, taratibu, kama mtu aliyeruhusiwa. Nilidhani wangemwacha. Afande akaita kwa sauti ya kawaida tu, "Benedicte."

Edisa akageuka. Hakumtazama afande. Alitazama nyuma yetu, upande wa mto, akimtafuta wifi yake.

"Unaona," afande akamwambia kijana. "Jina lake analijua."

Wakampandisha. Mtoto bado ninaye, na uji wangu hautaki.