Karata za Kiti cha Mzee

Kiti cha mzee wangu, marehemu mume wangu, kiko palepale mezani tangu tulipomzika hapo mbele ya nyumba. Hapa Magunga kila mtu anajua hakikaliwi.

Binti yangu alikuja kutoka Migori mchana wa mvua. Alikuwa amenikodia chumba karibu na kwake, nami nilikuwa nimekataa kuhama. Siku hiyo hakubishana. Alitoa karata na bakuli la njugu.

"Mama, nakufundisha poka. Nikishinda, unafunga mizigo. Ukishinda, sitaitaja tena Migori."

Nikakubali. Mimi nikisema neno nimelisema.

Akanieleza. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, na zingine zinawekwa katikati, za wote. Mwenye karata nzuri ndiye anachukua njugu zote mlizoweka katikati. Lakini hata ukiwa huna kitu unaweza kushinda, ukimtisha mwenzako akatupa zake.

"Hiyo si ni uongo?"

"Ni uso tu, Mama. Na usiinue karata yote. Kunja pembe kidogo, chungulia, rudisha."

Nikipata nzuri natabasamu, anatupa zake. Nikikosa nakunja uso, ananichapa. "Uso wako ni redio," akasema. Njugu zangu zikabaki konzi moja.

"Huu mchezo wa mwisho ndio utaamua," akasema.

Akagawa huku akiongea. Mbili kwangu, mbili kwake, mbili mbele ya kiti cha mzee. Alitaka kuzichukua nikamzuia. Kwangu, kilichowekwa mbele ya mtu hakiondolewi.

"Haya, naye acheze."

Zangu zilikuwa takataka. Nilikuwa karibu kuzitupa nilipoona zile za mzee. Pembe zilikuwa zimekunjwa, zote mbili, kama mtu amechungulia akarudisha. Mlango tulikuwa tumeufunga kwa sababu ya mvua.

Nikasukuma konzi yangu yote katikati. Sikutabasamu, sikukunja uso. Macho yangu yalikataa kutoka pale.

"Mama, una nini huko?"

Akaningoja, akaningoja, kisha akatupa zake. Alikuwa na wafalme wawili.

Nilipofunua zangu alianza kucheka, halafu akafuata macho yangu hadi kwenye zile za mzee.

"Ni wewe umezikunja?"

"Ni wewe uligawa."

Alikuwa amekuja kulala. Aliondoka kabla mvua haijaisha, na habari ya chumba hajaitaja tena.

Zile mbili bado ziko mezani. Nikipangusa vumbi nazizunguka. Sijazifunua. Si zangu.