Hindi la Kichwa cha Treni

Juzi, stesheni ya Tunduma, niliona kichwa cha treni kikuukuu kimeachwa kwenye majani, nikaikumbuka siku Babu na Bibi walipotupeleka mimi na mdogo wangu Neema, tukiwa watoto, kutazama kingine kama hicho.

Kilinuka dizeli na chuma kilichopigwa na jua. Bibi alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu. "Hiki ndicho kilichomrudisha babu yenu kutoka migodini Zambia," alisema.

Mimi nikajua ni mzee wa ukoo. Tukachuchumaa, tukapiga makofi. "Shikamoo!"

Kimya. Neema akaanza kulia; alidhani kimekasirika kwa kuwa tumekuja mikono mitupu. Nikaweka hindi langu la kuchemsha kwenye ngazi yake, nikaamkia tena.

"Marahaba, wajukuu!" kiliitika kwa sauti nzito.

Tuliruka kwa furaha hadi ndala zikatutoka. Baadaye tuliporudi kukiaga, hindi halikuwepo.

Sasa najua kwa nini siku ile Babu alitokea upande wa pili wa kichwa akichokonoa meno. Lakini juzi nilichuchumaa hata hivyo, nikapiga makofi, na sikuwa nimekwenda mikono mitupu.