Esigani alinikuta nikimwamkia mbuzi, akaniita "cunning"

Wakuu, salamu kutoka Kisii. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mbuzi anayehusika bado yuko hai.

Ukiitwa "cunning", yaani mjanja, mbele ya wakwe watarajiwa, umesifiwa au umetukanwa?

Niliulizwa hivyo nikakosa jibu. Mimi, mwenye digrii na mazoea ya kubishana hata na mhubiri.

Kwetu, kabla familia hazijakaa kuzungumzia ndoa, upande wa kijana humtuma esigani, mtu wa kuchunguza tabia zako kimyakimya. Hajitambulishi. Anaweza kujifanya anatafuta ng'ombe aliyepotea. Akirudi na habari mbaya, mmeachana.

Niliuona huo ni upelelezi mtupu. Lakini Ogeto nilimtaka. Aliponinong'oneza kwamba esigani anakuja kwetu kutoka kwao Nyamira wiki hiyo, msimamo wangu wote ukaenda likizo.

Asubuhi nikajifunga leso ya mama. Nikakaa uani kuchambua chinsaga, mboga ambayo kwa kawaida naikimbia. Sauti yangu ni ya kuita boda boda iliyo mlima wa pili, kwa hiyo nikaanza mazoezi ya kusalimia kwa upole. Wa kusalimia hakuwepo ila mbuzi.

"Bwakire buya, mama," nikamwamkia, kichwa nimeinamisha.

Mama akachungulia kutoka jikoni. "We Kemunto, una malaria?"

Mara akaingia mwanamke nisiyemjua, anaulizia ndizi za kununua.

Nikajua ndiye!

Nikampa uji. Nikamwita "mama" kila nilipovuta pumzi. Hela zake nikazikataa. Akaondoka na mkungu mzima, akinibariki mimi na watoto wangu ambao hawajazaliwa.

Siku familia zilipokutana nikamtafuta yule mwanamke wa ndizi kwa macho. Hayupo.

Badala yake akasimama shangazi yake Ogeto, mwalimu mstaafu. Kumbe esigani alikuwa yeye! Wiki ile yote alikuwa mgeni wa jirani yetu, ng'ambo ya ua.

"Binti huyu ni cunning," akasema. "Nilimwona akimwamkia mbuzi."

Mama akafunika uso. Ogeto akaangalia viatu vyake.

"Haya msomi, tuambie. Hiyo ni sifa au tusi?" shangazi akaniuliza.

Nikaiona ndoa yangu inaondoka kama ule mkungu.

Shangazi akaniacha niive kwanza, kisha akasema, "Mtu anayejitesa hivi kwa ajili ya mtoto wetu, anampenda. Lakini mwanangu, ukija kwetu, njoo na sauti yako."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Tukaoana.

Nilichojifunza: usihangaike kuigiza. Utamwigizia mnunuzi wa ndizi.

Kuna mwingine hapa aliyewahi kumpokea mpita njia kama mkwe? Jitokezeni, nisiaibike peke yangu.

Na lile swali? Juzi tu, miaka mingi baada ya harusi, ndipo niliposoma historia ya neno lenyewe. "Cunning" lilitokana na kitenzi cha kale cha Kiingereza chenye maana ya kujua. Fundi stadi aliitwa hivyo kwa heshima. Maana ya hila ilikuja baadaye.

Nikampigia shangazi simu mbio mbio. Sifa ilitangulia, tusi likafuata!

"Kwako ilikuwa kinyume," akanijibu. "Mimi nilianza na tusi."