Shefu, Choa na Chupa ya Violeti

Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea, maana mpaka leo nikipita sokoni hapa Kolwezi kuna mama mmoja muuza chumvi ananiita Tata Violeti mbele za watu, na mimi ni mzee wa kwaya, mtu wa heshima (ile iliyobaki).

Ilikuwa miaka ile migodi imeporomoka na watu wa Kasai wanafukuzwa Katanga, hata wale waliozaliwa hapahapa. Jirani yangu Mama Ngalula alitolewa nyumbani kwake, akaenda kulala stesheni na wanawe kungoja treni, na kabla ya kuondoka akaniletea paka wao, Shefu, kajaa choa, mabaka ya duara yasiyo na manyoya kutoka sikioni mpaka mkiani.

"Tata Ngoy, kule gare batoto banalala kusongana, choa itabashika bote. Umupake dawa. Akipona, umulete mbele treni iende. Batoto banamulilia sana."

Nikaapa. Nyumba wamenyang'anywa, na paka pia wamkose?

Jamani, Shefu! Yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mimi mpangaji. Kila nikimpaka violeti (ile dawa ya zambarau ya dispensari, kwetu kila kidonda ni violeti) naye ananipaka damu kwa kucha zake. Lakini nilishinda, manyoya yakaanza kurudi!

Basi Jumapili, nimeshavaa shati jeupe la kwaya, nikaona limebaki baka moja dogo nyuma ya sikio, nikajiambia ngoja nimalizie, mara moja tu. Nikamtia kwenye mfuko wa unga, kichwa nje, nikafungua chupa kwa meno (msiniulize kwa nini), na hapohapo treni ikapiga filimbi! Shefu akaruka, chupa yote ikanimwagikia usoni, shatini, mikononi. Kunawa? Violeti haitoki kwa maji, na treni haingoji mtu. Nikamkumbatia paka na mfuko wake, mbio, nikapita mbele ya kanisa kwaya yangu yote iko mlangoni, na padri akafanya ishara ya msalaba.

Stesheni hapakuwa na pa kutia mguu, watu na mabunda yao, nasukuma, nasukumwa, mpaka yule muuza chumvi aliponiona.

"Yesu wangu! Tata huyu ugonjwa imemukula muzima! Musimuguse!"

Kwetu ukipakwa violeti una vidonda, sasa mimi niliyepakwa mwili mzima! Umati ukafunguka, wanawake wakavuta watoto wao, na mimi kwa aibu na kwa haraka nikapaza sauti, "Ndiyo, ni choa! Munipishe!" Nikapita kama waziri.

Mama Ngalula alikuwa mlangoni mwa behewa. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, wanawe wakamnyakua Shefu huku wanapiga kelele za furaha. Akaninyooshea mikono, nikarudi nyuma.

"Mama, usiniguse. Batu bote banaogopa."

"Banaisha kunifukuza, Tata. Nitaogopa rangi?"

Akanishika mikono yote miwili mbele ya watu wote, akashikilia mpaka treni ilipoanza kwenda. Nililia, sioni haya kusema.

Tangu siku ile sijalea paka wa mtu, na chupa nafungua kwa mkono. Uso niliusugua kwa sabuni wiki nzima. Mikono niliiacha.