Walisema siwezi hata kufunga ndama: nilivyowafundisha wahudumu wa wodi ya wagonjwa wa akili, Kisii

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nina miaka themanini na kitu, bado nasoma simu bila miwani, na haya ninayoandika niliyaona kwa macho haya haya. Nitajisifu kidogo. Mtanivumilia, maana waliopaswa kunisifu wengi wameshatangulia.

Nianze na walivyosema.

Walisema mtoto wa mkamua ng'ombe wa mzungu kule Nyansiongo hawezi kumaliza masomo Uingereza. Walisema baridi itanirudisha nyumbani kabla ya Krismasi. Jirani yetu wa Manga, mzee Ombati, ndiye aliyeniuma zaidi: "Huyu hata ndama akimfunga anafunguka. Ataweza watu wenye wazimu?"

Lakini baada ya kunicheka, Ombati huyo huyo aliingia zizini akatoa mtamba wake auzwe, nipate nauli.

"Ni mkopo," akasema. "Ng'ombe kwa ng'ombe."

Wengine nao walinikopesha, kila mtu kwa uwezo wake. Nikaenda.

Nilirudi na diploma ya uuguzi wa wagonjwa wa akili. Miaka mitatu, bila kurudia mtihani hata mmoja. Sentensi hiyo naomba muisome mara mbili.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nikapewa kazi katika hospitali moja upande wa Kisii. Sitaitaja. Wodi yenyewe ilikuwa ya kufungwa: ukuta mrefu, madirisha ya nondo, mlango mmoja wa chuma. Kazi yangu ilikuwa training ya wahudumu, wale wanaolisha, wanaoogesha na wanaolinda.

Walikuwa kumi na wawili, wengi wao askari jela wa zamani. Kila mmoja alikuwa na rungu. Kiongozi wao aliitwa Makori, kifua kipana kama mlango wa ghala. Asubuhi aliwapanga wagonjwa mstari na kuwamwagia maji kwa ndoo.

Siku ya kwanza nilikusanya rungu zote nikazifungia stoo.

"Na wakitupiga?" Makori akauliza.

"Ukipigwa, ujue kuna kitu ulikosea kabla hujapigwa."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kumbukeni maneno hayo, yatanirudia mwenyewe.

Siku ya pili nikamfungia kila mhudumu ndani ya chumba cha mgonjwa, peke yake, kuanzia chai hadi chakula cha mchana. Makori alipotoka aliomba maji. Akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Kumbe mtu akipita dirishani bila kukusalimu inauma hivi."

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyepitwa bila salamu. Miezi michache tu, wodi ikatulia hadi wauguzi wa wodi nyingine wakawa wanakuja kuchungulia. Mimi huyo, na koti langu jeupe, natembea kama nimemeza mwiko.

Halafu akaletwa Momanyi.

Momanyi alikuwa mwana wa mzee Ombati. Mtu mzima, seremala mzuri, ugonjwa ulimpata ghafla. Walimtoa Manga amefungwa kamba ya ng'ombe mikono na kiuno. Ombati hakunitazama usoni.

"Mtamba wangu yuko kwako," akasema. "Sasa na mwanangu."

Niliifungua kamba mwenyewe nikaitundika stoo, karibu na zile rungu.

Mchana Momanyi alikaa kimya, hana shida na mtu. Shida ilikuwa kuoga. Kila asubuhi akivuliwa shati alipigana kama chui. Alimng'oa mhudumu mmoja jino. Makori mwenyewe alivunjwa kidole.

Daktari mkuu akaniita ofisini. Akasema mwezi ukiisha Momanyi bado anapiga watu, anapelekwa hospitali kubwa ya mbali kwa pingu, na rungu zinarudishwa wodini. Yaani kazi yangu yote, na mwana wa mtu aliyenipa nauli, vilitegemea beseni moja la maji.

Sasa sikieni akili yangu ya Ulaya. Tangu siku ya kwanza nilimpangia Makori kumwogesha Momanyi, kwa sababu Makori na Ombati ni wa ukoo mmoja. Nilijiambia mtu wa kwao ndiye atakayemtuliza. Tulipasha maji moto, tukaongea kwa upole, tukafuata kila kitu kilichoandikwa kitabuni. Kila siku ikawa mbaya kuliko jana yake.

Mama Kerubo, mfuaji wa nguo za wodi, alikuwa akitutazama kutoka kwenye karo lake la kufulia.

"Daktari," akaniita. Sikuwa daktari, ila sikuwahi kumsahihisha mtu. "Makori ni nani kwa Momanyi?"

"Ni baba yake mdogo."

"Na wewe, ukivuliwa nguo na baba yako mdogo, utasimama tu?"

Wakuu, maneno yangu ya siku ya kwanza yakanirudia: aliyekosea kabla wenzake hawajapigwa ni mimi.

Kwa wasio Wakisii: kwetu kuna ensoni, yaani aibu ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Baba na mwana hawaonani uchi. Na baba si aliyekuzaa tu, ni wote wa rika lake katika ukoo. Babu na mjukuu ndio wanaotaniana wapendavyo. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Niliendaje ng'ambo nikalisahau?

Nilimwita Makori. Akainamisha kichwa. "Hata mimi nilikuwa naona aibu, Daktari. Lakini wewe ndiye mwenye diploma."

Kesho yake Makori akabaki nje. Nikamtuma Nyakundi, mhudumu mwembamba ambaye wenzake walimwita kijiti. Kwa umri alikuwa sawa na Momanyi, lakini kwa hesabu ya ukoo alikuwa babu yake.

"Mjukuu wangu," Nyakundi akaanza, "unanuka kama beberu wa soko la Nyamarambe. Nyanya yako akikuona hivi atanilaumu mimi."

Akaweka beseni chini.

Momanyi akamtazama juu hadi chini. "Babu, na wewe mwenyewe uliogea lini?"

Akavua shati kwa mikono yake.

Tangu hapo, kabla ya kupanga shift, tuliuliza kwanza nani ni nani kwa nani, tukaandika kwenye daftari lililotundikwa kando ya funguo. Wahudumu wa hospitali nyingine wakaletwa kujifunza kwetu, na aliyewafundisha daftari hilo ni Makori. Rungu nilimpa Mama Kerubo. Alizifanya kuni za kuchemshia maji ya kufulia.

Dawa zilifanya kazi yake, sisi yetu. Momanyi akapona.

Wakati huo nilikuwa nimeshawalipa wote walionikopesha, isipokuwa Ombati. Nikanunua mtamba Nyansiongo, kule kule baba yangu alikokamua ng'ombe wa wengine. Nikatoa ile kamba stoo, nikamuuliza Momanyi kama itamsumbua. Akaivuta kwa mikono miwili. "Bado imara," akasema.

Nikamfunga mtamba. Momanyi akashika kamba, akaupanda mlima wa Manga yeye mbele, mimi nyuma.

Ombati alikuwa langoni. Hakumtazama ng'ombe. Alitazama kamba, kutoka shingoni mwa mtamba hadi mkononi mwa mwanawe.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi, mzee," nikasema.

Akalivuta fundo mara mbili. Halikulegea. "Basi umejua kufunga."

"Na kufungua, tata," Momanyi akamwambia baba yake.

Ombati akageuza uso kuelekea zizini. Kisha akatufungulia lango. Siku hiyo sikubaki na deni la mtu.

Nilichojifunza: diploma ni nzuri, na yangu bado iko ukutani. Lakini kabla hujamfundisha mtu kumshika mgonjwa, muulize kwanza mgonjwa huyo ni nani kwake.

Mliowahi kuhudumia wagonjwa, niambieni: kwenu nani haruhusiwi kumwogesha nani? Nasoma kila comment, hata za wanaosema najisifu.