Yona Ndahani, Unaitwa Mlangoni

Hili lilinitokea mchana, nikiwa na akili zangu timamu, nimeshiba ugali na mlenda na sina homa. Naanza hivyo kwa sababu najua utakachosema. Ndugu zangu wameshakisema: ni uchovu, ni msiba, ni kukaa peke yako kwenye magofu. Sawa. Nisikilize kwanza, halafu na wewe useme.

Kazi yangu ni kukusanya habari za majumba ya zamani ya sinema katika mikoa hii ya kati kabla hayajavunjwa yote. Napiga picha, napima kuta, nawahoji wazee waliokuwa wakikata tiketi na wale waliokuwa wakigombania viti vya mbele. Jumba la Dodoma mjini, lile la jirani na soko la Majengo, nililiacha la mwisho. Nililiacha kwa sababu ya baba yangu. Ujanani mwake yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya picha pale, na nilitumaini kwamba nikijivuta kidogo, atakubali kunisimulia.

Hakukubali. Nilikuwa nikienda kwake Nkuhungu na kinasa sauti changu, ananikaribisha chai, ananiuliza wajukuu wanaendeleaje. Nikimuuliza, "Baba, kwa nini uliacha kazi ya sinema?" anajibu neno moja tu: "Nilichoka." Miaka yote hiyo, nilichoka. Wakati huo miguu ilikuwa imemvimba, na daktari alikwisha kutuita pembeni sisi watoto. Nilikuwa nakimbizana na vitu viwili vinavyoondoka, jumba na baba, na nakwambia kweli, nilikuwa na hasira naye. Mzee mzima ana historia nzima kifuani halafu anaibania!

Jambo jingine la kumhusu, maana litarudi. Alipokuwa na nguvu zake, baba alikuwa akienda Majengo kila siku, saa tisa alasiri, na kikapu chake. Anarudi na nyanya mbili, au kitunguu kimoja. Marehemu mama alikuwa akimcheka: "Baba yenu anafuata kitunguu kimoja mjini kwa mguu." Hata baba mwenyewe alikuwa akicheka. Aliacha pale miguu ilipomkatalia.

Mwenye jumba alinipa ufunguo wiki ya mwisho, maana alikuwa analivunja ajenge fremu za maduka. Baada ya sinema kufa, ukumbi ule ulikuwa kanisa kwa muda, kisha ghala la mtama na alizeti, na vumbi la nafaka lilikuwa bado limejaa sakafuni. Zilikuwa zimebaki safu nne za viti vya mbao, vile ambavyo ukinyanyuka kiti kinajikunja chenyewe, pa! Vyote vilikuwa vimejikunja. Nina hakika, nilivipiga picha kimoja kimoja.

Siku hiyo nilikuwa nimebakiza jambo moja tu, kurekodi sauti ya ukumbi ukiwa mtupu kwa nusu saa. Kila jumba lina mlio wake, upepo kwenye mabati, njiwa, makelele ya nje yanayoingia kwa mbali. Nilifunga geti la chuma kwa komeo, kwa ndani, mtu asiniingilie. Nikazima simu. Nikawasha kinasa sauti na kusimama kando yake. Ilikuwa saa tisa.

Sijui ilipita dakika moja au mbili, nikahisi mtu nyuma yangu. Nikageuka. Pale pazia la mlangoni lilipokuwa zamani alisimama mwanamke kijana, amejifunga kaniki, ana mtoto mgongoni. Miguu yake ilikuwa peku, na ilikuwa na tope jeusi bichi mpaka kwenye vifundo. Dodoma, kiangazi, upepo unapeperusha vumbi mji mzima, tope bichi linatoka wapi? Sasa najiuliza. Wakati ule wala sikujiuliza.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba."

"Mtoto anaumwa." Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, kama cha mtu aliyezoea Kigogo. "Naomba uniitie baba yake. Yumo humu."

"Anaitwa nani?"

"Yona Ndahani."

Nikadhani ni mke wa fundi. Walikuwepo mafundi wawili uani wanashusha mabati ya choo, nikajiambia bila shaka mmoja wao ndiye. Ningeweza kupaza sauti tu. Ningeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, hatua ishirini, nikamwita. Lakini mashine inarekodi, unaelewa? Ningeharibu na kuanza upya.

"Subiri kidogo, mama," nikamwambia kwa kunong'ona, "namalizia."

Akaitikia kwa kichwa. Nikampa mgongo.

Nusu saa ilipotimia nikazima mashine na kugeuka, hayupo. Nikawafuata mafundi. Hakuna Yona miongoni mwao wala hawakumwona mwanamke yeyote. Niliporudi mlangoni kutoka ndipo nikaliona komeo. Lilikuwa limefungwa kama nilivyolifunga.

Jioni nilimweleza baba, tena kwa kulalamika, jinsi watu wanavyoingilia kazi ya mtu. Nilisema mwanamke alikuja kuulizia mume wake, basi. Baba akaweka kikombe chini.

"Alikuwa na mtoto mgongoni?"

Mtoto nilikuwa sijamtaja.

"Alimtaja Yona?"

"Yona Ndahani. Baba, unamjua?"

"Ulimwitia?"

Nikamwambia sikumwitia, nilimwambia asubiri. Baba akajifunika uso kwa viganja vyote viwili na akalia. Sijapata kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama.

Ndipo akanisimulia, bila kinasa sauti. Zamani mtu akitafutwa ndani ya sinema, jina lake liliandikwa kwa sindano juu ya kipande cha kioo kilichopakwa masizi. Opereta anakipachika kwenye mashine, na jina linatokea ukutani, kubwa, watu wote wanasoma: fulani, unaitwa mlangoni. Alasiri moja alikuja mwanamke ametoka Bahi kwa treni, tope la mashamba ya mpunga bado liko miguuni, na mtoto anayepumua kwa shida. Mji haujui, hospitali haijui, anajua tu kwamba mume wake ni mchukuzi wa magunia sokoni na kwamba wenzake wamesema ameingia sinema. Baba akakiandika kile kioo. Lakini ilikuwa sehemu tamu, stelingi amemfikia adui yake, na ukikata picha hapo watu wanapiga miluzi na kukurushia chochote walichoshika.

"Nikamwambia, subiri kidogo, mama, namalizia mkanda," baba akasema.

Maneno yangu yale yale. Mimi sikuwa nimemtajia baba maneno niliyotumia.

Alipokipachika kile kioo, Yona alitoka mbio. Akamkuta mkewe ameketi kwenye ngazi, amempakata mtoto, na hapakuwa tena na haja ya kukimbilia hospitali. Yona hakumtukana baba wala hakumpiga. Walimbeba mtoto wao wakaenda stesheni. Baba hakuigusa tena mashine ile, na mwaka haukuisha akasikia yule mama naye amefariki, na baadaye Yona mwenyewe.

"Walinzi walikuwa wakisema anaonekana, saa tisa," baba akasema. "Nimepita pale miaka yote, mwanangu. Nilitaka aniombe tena, nimwitie hapo hapo. Hakunijia. Amekuja kwako."

Sasa unaelewa kitunguu kimoja kilikuwa cha nini.

Kesho yake akakataa kulala, akataka nimpeleke jumbani. Nikampakia kwenye bajaji, nikamshika mkono mpaka ndani, nikamsimamisha mbele ya viti. Saa tisa ikafika. Tukangoja. Mwanamke hakuja. Baba akashikilia ukuta, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo: "Yona Ndahani! Unaitwa mlangoni!"

Safu ya tatu, pa! Kiti kikajikunja. Kiti ambacho tayari kilikuwa kimejikunja, na ambacho hakiwezi kujikunja tena kama hakuna aliyekikalia. Kisha nyayo. Nzito, za mtu anayekimbia, zikatupita karibu kabisa, vumbi la mtama likatimka. Geti likatikisika. Halafu kimya kirefu, kama cha mtu aliyefika mahali akatazama kulia na kushoto.

"Amechelewa tena," baba akasema. "Jana ndiyo ilikuwa siku yake."

Hakunilaumu, wala siku hiyo wala baadaye. Niamini, ningependa anilaumu. Alifariki kabla ya mvua za kwanza, na jumba lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Pale sasa ni fremu, wanauza simu na mabegi. Mwanamke yule atamfuata nani tena, na wapi?

Baada ya arobaini nilijikaza, nikasikiliza ile rekodi. Njiwa wapo. Upepo upo. Sauti ya yule mwanamke haipo, wala jina la Yona halipo, sauti yangu tu ndiyo ipo: marahaba, anaitwa nani, subiri kidogo, mama, namalizia. Na chini yake, karibu na mashine, pumzi ya mtoto. Ya kukoroma, ya haraka, kisha ya taratibu, kisha inakatika na kurudi. Dakika ya kumi na nane inakoma. Zinabaki dakika kumi na mbili za njiwa, na mimi nimesimama pale pale, nimempa mgongo. Kwenye faili la jumba lile, penye nafasi ya sauti ya ukumbi, nimeandika haipo.

Kwa hiyo nakuomba. Mtu akikujia, umjue usimjue, akakwambia niitie fulani, acha ulichoshika umwite. Usimuulize kama kuna haraka. Mimi nilipewa dakika kumi na nane, nikazitumia kurekodi ukimya.