Udhu Kwenye Kisiki cha Asumini

Mwaka huu nilipatwa na wazimu wa kugawa vitu, na sijutii, isipokuwa zile wiki chache nitakazozisimulia.

Ulinianza mwezi wa Shaabani, tunapofua mapazia na kukwangua masizi ili Ramadhani iikute nyumba safi. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye vikombe vya kabati la vioo, vikombe ambavyo tangu niolewe havijanywewa chai, nikajiuliza nawatunzia akina nani. Mume wangu ameshatangulia, watoto wako mbali, nami nakaa peke yangu katika nyumba ya marehemu mama hapa Chumbageni. Nikamwita jirani, nikampa kabati na vikombe vyake. Sebule ikapumua, nami nikacheka peke yangu.

Kumbe kugawa kuna ulevi wake. Kesho yake yakaondoka makochi. Yakafuata mazulia, masufuria ya shughuli, ndoo zote, na sinia kubwa la shaba ambalo nilimpelekea mdogo wangu kule Nguvumali. Kufika Ijumaa nilibaki na kitanda, mkeka mmoja, sahani mbili na birika la plastiki la kutawadhia. Nilitembea vyumbani nikisikia nyayo zangu mwenyewe, mwepesi mno, nikitamani kuruka kamba. Nikatoka uani kutafuta kingine cha kupunguza.

Uani kulikuwa na asumini ya mama. Ilikuwa imejisokota ukutani, matawi makavu juu ya mabichi. Nikachukua panga. Haki ya Mungu nilikusudia kupunguza ncha tu, lakini mkono ulishanogewa. Nilipokuja kujitambua, palikuwa na kisiki kinachonifika gotini, na pembeni lundo la matawi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka harusi.

Binti wa mdogo wangu, ambaye ni mwanangu pia kwa kuwa mimi ni mama yake mkubwa, alikuwa anaolewa mfungo mosi, siku chache baada ya Idi. Kwetu bibi harusi hutoka na koja la maua ya mti ule. Mama alinivisha mimi, akamvisha mdogo wangu, na kabla hajafariki alisema mjukuu wake naye avishwe.

Mdogo wangu alikuja jioni ile ile. Alitazama sebule, akatazama kisiki.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Makochi niliyanyamazia. Na hiki nacho?"

"Kitachipua."

"Kwa maji gani, na jua hili? Ndoo si umegawa? Mwanangu nimvishe nini mimi, maua ya plastiki?"

Nikamwambia akae tuzungumze. Akaniuliza akae wapi. Akaondoka, na tangu hapo simu zangu hakupokea. Iliniuma sana, maana katika tumbo la mama tumebaki sisi wawili tu.

Joto la kaskazi lilikuwa bado halijatuachia. Nikaamua udhu wangu wote nitautilia pale. Mara tano kwa siku nilichutama kando ya kisiki na birika langu, na maji ya mikono, ya uso na ya miguu yote yakaishia mizizini. Nilikuwa nakibembeleza, "Kunywa bibi wee, usiniaibishe."

Ramadhani ilipoandama, siku ya nne, alasiri, nikasikia hodi. Mdogo wangu. Shikamoo, marahaba, basi. Akapitiliza uani, akachukua birika, akachutama pale pale ninapochutama mimi, akatawadha. Miguu aliiosha muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Akaingia ndani kutafuta pa kuswalia na kukuta mkeka ni mmoja. Tukaswali bega kwa bega, akaenda zake. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Nikajifanya nimemzoea, huku moyoni napiga vigelegele.

Chipukizi la kwanza aliliona yeye.

"Dada, njoo," aliita, uso ungali na maji.

Lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Tukaliinamia kwa pamoja, vichwa vikagongana, tukacheka hadi tukashika ukuta. Akasema udhu wake sasa una mashaka, akatawadha upya. Mti ukanufaika mara mbili.

Kisha masika yakaingia na ua wote ukapagawa. Mrehani ukaota mahali nisipoupanda, mchicha ukaziba njia ya choo, na kile kisiki kikatoa matawi kila upande. Idi ilipofika, vitumba vilikuwa havihesabiki. Alasiri ya kuamkia harusi, kabla havijafunguka, tulianza kuchuma.

"Sinia liko wapi?" aliuliza.

"Liko kwako."

Akanitazama, akavua khanga ya begani, akaitandika. Tukaijaza. Mwanetu alitoka na koja lililomfika kiunoni, nami nilicheza mpaka sauti na magoti vikaniishia.

Siku mbili baada ya harusi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Asumini ilikuwa imesimama kwenye dimbwi, haina haja tena na tone la mtu. Alasiri nikasikia hodi. Mdogo wangu, mwavuli mkononi, gauni limelowa hadi magotini. Shikamoo. Marahaba.

"Umesahau nini?" nilimuuliza.

"Sijasahau kitu," alisema, akivua viatu. "Nimekuja kutawadha."